Imefia mwilini au imefia koponi? Utatuzi wa matatizo ya seli zilizoumia na inflamesheni

Swali linalonifikia zaidi kwenye vipindi vya vitendo vya patholojia ni moja: "Dokta, hii si nekrosisi?" Mwanafunzi kainama juu ya hadubini, slaidi yote ya waridi, viini vimefifia, na jana usiku kasoma kwamba kiini kikififia seli imekufa. Ni kweli imekufa. Ila nekrosisi ni kufa kwa tishu ndani ya mwili ulio hai. Hii imefia wapi?

Seli ikifia mwilini, majirani huja msibani. Mishipa midogo ya damu hutanuka, neutrofili (chembe nyeupe za damu zinazotangulia kufika) huingia ndani ya saa chache, makrofaji (seli zinazomeza mabaki) hufuata kuzoa, na baada ya wiki kadhaa hubaki kovu. Seli ikifia kwenye kopo la sampuli haina wa kuililia. Inayeyushwa kimya kimya na vimeng'enya vyake yenyewe. Kuyeyuka huko kunaitwa otolisisi, na ndiko kunakowadanganya wanafunzi wengi kwenye hadubini.

Neno moja kabla ya kuanza. Kiswahili cha mtaani kinaita "uvimbe" kila kitu: jipu, saratani ya titi, hata kifundo cha mguu kilichoteguka. Hapa nitasema inflamesheni nikimaanisha itikio la mwili, lenye mishipa na chembe nyeupe ndani yake. Uvimbe nitaliacha kwa kilichovimba tu, kwa sababu yoyote. Ukivichanganya kwenye fomu ya kuombea kipimo, maabara itatafuta kitu kingine kabisa.

Kila tatizo hapa chini limeanzia kwenye kile unachokiona. Sababu zimepangwa kuanzia ya kawaida, na vipimo vya bure vimetangulia vya gharama.

Tatizo: slaidi yote ya waridi, viini vimefifia au havipo

*Sababu ya kwanza: sampuli ilichelewa fomalini (dawa ya kuhifadhia tishu isioze), au fomalini haikupenya.* Niliwahi kupokea mji wa mimba mzima, umejaa fibroidi, umesokomezwa kwenye ndoo ndogo ya rangi, fomalini imefika nusu. Nje ulikuwa wa kijivu na mgumu kama soli ya kiatu. Nilipoupasua kwa kisu kirefu, ule ukingo wa kijivu ulikuwa na unene kama sentimita moja tu. Ndani yake nyama ilikuwa nyekundu, laini, na yenye harufu iliyowatoa nje wanafunzi wawili. Huo ukingo ndio mpaka ambao fomalini iliufikia kabla ya uozo kuiwahi.

Fomalini hupenya taratibu. Kwa makadirio ya kazini ni kama milimita moja kwa saa, na kadiri inavyoingia ndani ndivyo kasi inavyopungua. Kwa hiyo kwenye slaidi linganisha ukingo wa tishu na katikati yake. Kama pembeni viini vimekaa vizuri na katikati vimefifia, na mpaka wenyewe unafuata umbo la kipande chenyewe badala ya kufuata eneo la mshipa fulani wa damu, hapo shutumu kopo kabla hujamshutumu mgonjwa. Angalia pia ni kiungo gani. Kongosho, utando wa ndani wa utumbo na mirija ya figo huoza upesi kwa sababu vina vimeng'enya vingi au vinafanya kazi nzito. Ngozi na misuli huvumilia zaidi.

Tiba yake haipo kwenye slaidi. Iko chumba cha upasuaji: kiungo kikubwa kipasuliwe kabla ya kutumbukizwa, fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa nyama, na iwe ile ya asilimia 10 yenye bafa, ambayo ndani yake ina fomaldehidi ya karibu asilimia 4.

*Sababu ya pili: koponi hakukuwa na fomalini.* Maji ya chumvi ya dripu na fomalini vyote havina rangi, na kopo halisemi. Nimeshaona kipande cha nyama kimeletwa ndani ya kidole cha glovu kilichofungwa fundo, na ndani mna maji ya dripu. Kama nyama imelala usiku kucha "ndani ya fomalini" na asubuhi bado ni laini na nyekundu, haikuwa fomalini. Usihakikishe kwa kutumbukiza pua koponi: mvuke wake unaunguza macho na njia ya hewa, na fomaldehidi inasababisha saratani. Mpigie simu muuguzi wa chumba cha upasuaji, uulize.

*Sababu ya tatu: rangi.* Hematoksilini ndiyo inayovipa viini rangi ya samawati. Ikiwa imezeeka, au slaidi imekaa kwenye asidi ya kusafishia kupita kiasi, viini vyote hupauka. Kipimo chake ni cha sekunde 10: tafuta limfosaiti, aina ya chembe nyeupe yenye kiini cha duara, mahali popote kwenye tishu. Kiini cha limfosaiti nzima ni kama tone la wino. Kama hata zenyewe zimepauka, chukua slaidi ya mgonjwa mwingine iliyopakwa rangi siku hiyo hiyo. Ikiwa nayo imepauka, irudishe kwa mteknolojia wa maabara kwa heshima na umwombe apake upya.

*Sababu ya nne: mfupa.* Mfupa hulainishwa kwa asidi ili ukatike. Ukisahaulika humo wikiendi nzima, asidi hula ule uwezo wa viini kushika rangi, na unapata slaidi ya waridi tupu isiyo na dawa. Tatizo hili halirekebishiki. Ombeni kipande kingine kama kipo.

*Sababu ya tano: nekrosisi ya kweli.* Umefika hapa baada ya kuondoa zile nne, sasa una haki ya kulitaja jina. Kwenye nekrosisi ya kuganda, ile ya moyo, figo na bandama baada ya mshipa kuziba, maumbo ya seli hubaki kama nyumba zilizohamwa: kuta zipo, wenyewe hawapo. Eneo mara nyingi lina umbo la kabari kwa kuwa linafuata mshipa. Na mpakani, pale wafu wanapopakana na walio hai, utaona msiba: kapilari zimejaa damu, neutrofili zimejipanga. Mpaka huo ndio ushahidi wako. Ubongo una tabia yake, huyeyuka ukawa majimaji badala ya kuganda. Kongosho lililoumia huunguza mafuta ya jirani na kuacha madoa meupe kama chokaa, kwa sababu asidi za mafuta zimeungana na kalisiamu.

Mitego miwili. Nekrosisi changa ya saa chache haijapata waombolezaji bado, kwa hiyo kukosa neutrofili peke yake hakutoshi kusema "otolisisi". Na kiungo kilichojisokota chote, kama korodani au ovari, kinaweza kufa chote bila neutrofili kuingia katikati, maana barabara zenyewe zimefungwa.

Simama hapa: kama majibu ya slaidi hii ndiyo yatakayoamua mtu akatwe kiungo au asikatwe, usiandike kitu. Mwite mtaalamu wa patholojia, na zuia mabaki ya nyama kwenye ndoo yasitupwe.

Tatizo: mgonjwa amekufa kwa moyo, lakini slaidi ya moyo inaonekana nzima

Sababu ya kawaida ni saa. Mshipa wa moyo ukiziba, nishati ya ATP huanza kushuka ndani ya sekunde, na dakika 20 hadi 40 zinatosha seli za msuli kufika pasiporudika. Lakini macho yako yako nyuma ya kifo hicho. Kwa rangi ya kawaida ya hematoksilini na eosini, mabadiliko huanza kuonekana kama saa 4 hadi 12 baadaye. Neutrofili hushamiri siku ya 1 hadi ya 3, makrofaji siku ya 3 hadi ya 7, kisha tishu changa nyekundu yenye kapilari nyingi, na kovu gumu hukamilika kama miezi 2 baadaye. Mtu aliyeanguka sokoni na kufariki ndani ya saa moja hana cha kukuonyesha kwenye slaidi.

Kagua kwanza maelezo: maumivu yalianza saa ngapi, kifo saa ngapi? Halafu uliza kipande kilikatwa wapi, maana mara nyingi kimekatwa upande ambao mshipa wake haukuziba. Hatua ya kina, kama moyo mbichi bado upo na kuziba kumepita saa 2 au 3, ni kuuloweka ukanda wake kwenye kemikali ya trifenili tetrazoliamu kloridi. Msuli hai hugeuka mwekundu kama tofali kwa sababu vimeng'enya vyake bado vimo. Ule uliokufa umevujisha vimeng'enya, hubaki umepauka. Troponini, protini ya msuli wa moyo tunayoipima kwenye damu wodini, inatokana na kuvuja huko huko.

Tatizo: ini limejaa mashimo meupe

Shimo kwenye slaidi ni kitu kilichokuwapo kikaondoka. Swali ni nini kiliondoka.

Mara nyingi ni mafuta. Wakati wa kuandaa bloku, yaani kipande cha nta chenye tishu ndani, tishu hupitishwa kwenye alkoholi na zailini, na mafuta huyeyuka humo yakaacha duara safi lenye kingo kali. Tazama kiini: tone kubwa la mafuta hukisukuma pembeni hadi seli ionekane kama pete yenye kito. Sababu za mafuta kwa mpangilio wa wodi zetu ni unene na kisukari, pombe, utapiamlo, dawa. Mtoto mwenye kwashakoo ana ini la mafuta ingawa hajala mafuta. Ini lake halina protini ya kutosha ya kutengenezea chombo cha kuyasafirishia, basi mzigo unalala bandarini.

Kama mashimo hayana kingo kali, saitoplazimu imekaa kama pamba iliyoloa na kiini kipo katikati, hayo ni maji. Pampu ya sodiamu imekosa ATP, sodiamu imeingia, maji yameifuata. Seli hiyo imeumia lakini haijafa, na ukiondoa kilichoiumiza inarudi. Na kama mashimo yana pembe pembe kama nyufa za barafu na yametapakaa kila mahali hata kwenye kuta za mishipa, kuna mtu aliweka sampuli kwenye friza.

Ukibaki na shaka kati ya mafuta na glikojeni, ombeni rangi ya PAS kabla na baada ya kimeng'enya cha diastesi: glikojeni huliwa na diastesi na rangi yake hupotea. Mafuta huthibitishwa kwa Oil Red O, ila tu kwenye tishu iliyogandishwa bila kupita alkoholi. Ukiiomba kwenye bloku la nta umechelewa, yameshaenda.

Simama hapa: mjamzito wa miezi ya mwisho mwenye manjano, kutapika na sukari iliyoshuka anaweza kuwa na matone madogo madogo ya mafuta ambayo hayasukumi kiini. Huyo hasubiri slaidi, ni wa daktari bingwa wa uzazi usiku huo huo.

Tatizo: neutrofili zipo, lakini sijui kama ni inflamesheni

Uliza ziko wapi kabla ya kuuliza ni ngapi. Neutrofili ndani ya mshipa ni abiria tu. Mwaka 1867 Julius Cohnheim alitandaza utando wa utumbo wa chura chini ya hadubini akaziona chembe nyeupe zikijibana kwenye ukuta wa mshipa, kisha zikipenya moja moja na kutoka nje. Kutoka huko ndiko inflamesheni. Zilizosimama ukutani bila kutoka bado hazijasema kitu.

Sababu ya kawaida ya kudanganyika ni upasuaji wenyewe. Kiungo kikishikwashikwa mezani kwa muda mrefu, neutrofili hujikusanya kwenye mishipa ya juu juu. Ndiyo maana kwenye kidole tumbo tunataka kuziona ndani ya ukuta wa misuli kabla ya kuandika kwamba kimeshambuliwa. Chache ndani ya utando wa ndani hazitoshi.

Sababu ya pili ni mahali ambapo huwa zipo kila siku: uboho, bandama, na utando wa mji wa mimba wakati wa hedhi. Huo wa mwisho una seli zilizokufa, damu na neutrofili, vyote vitatu, na ni mzima kabisa. Fomu isiyo na tarehe ya hedhi ya mwisho imeshawaponza wengi.

Ukishaziondoa hizo, ziandike kama inflamesheni ya papo. Kumbuka saa 6 hadi 24 za mwanzo ni za neutrofili, kuanzia saa 24 hadi 48 monosaiti (chembe nyeupe nyingine za damu) huchukua zamu na kugeuka makrofaji. Ukikuta limfosaiti na plazimaseli (seli zinazotengeneza kingamwili) zimetawala, jambo hilo lina wiki au miezi.

Tatizo: seli moja moja zimesinyaa, nyekundu, na jirani hawana habari

Hapa kanuni yangu ya msiba inavunjika, afadhali niseme mwenyewe kabla hujanikamata. Kuna kifo cha mwilini kisicho na matanga: apoptosisi. John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walilitoa jina hilo mwaka 1972 kwa neno la Kigiriki la majani kudondoka mtini. Seli husinyaa, kiini hukatika vipande vyeusi, lakini utando wa nje haupasuki. Kabla vipande havijavuja chochote, makrofaji huvimeza, na kwa kuwa hakuna kilichovuja hakuna kinachoita neutrofili.

Sababu kwa mpangilio:

1. Seli zimebanwa na koleo la daktari. Viini vimevutika kama wino uliopakazwa na kidole, na viko ukingoni mwa kipande. Hiyo siyo apoptosisi.
2. Upunguzaji wa kawaida, kwa mfano kwenye utando wa utumbo au tezi ya thaimasi ya mtoto.
3. Virusi vya homa ya ini, dawa, mionzi.
4. Uvimbe unaokua mbio. Limfoma (saratani ya limfosaiti) aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda ndiyo mfano ninaoupenda kufundishia: bahari ya limfosaiti za samawati nzito, na katikati makrofaji nyeupe zilizotapakaa, kila moja imemeza seli zilizokufa. Wanaiita anga la nyota. Rudi kidogo nyuma, tumia lenzi ndogo, utaliona. Wanafunzi wengi hukimbilia lenzi kubwa na kuhesabu vumbi la nyota moja.

Simama hapa: ini lenye seli nyingi za namna hii katikati ya lobuli zake, yaani vijisehemu vidogo vinavyoliunda, kwa mtu aliyekuwa na homa, manjano na kutokwa damu, linaweza kuwa homa ya manjano au ndugu zake. Kama mwili bado upo mochwari, usifungue na usichukue tishu mbichi. Homa ya virusi vya Marburg ilithibitishwa Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Toa taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya, wenye mavazi ya kinga waje.

Tatizo: nadhani ni granuloma, lakini siioni TB

Kwanza, je ni granuloma? Mkusanyiko wa limfosaiti siyo. Granuloma ni makrofaji zilizobadilika zikanenepa, saitoplazimu ya waridi, viini virefu kama nyayo za kandambili, zimeshikamana. Seli jitu zikiwepo zinasaidia lakini si sharti. Kosa la kila mwaka ni mwanafunzi kuita granuloma kitovu cheupe cha tezi ya limfu nzima.

Kwetu, kifua kikuu kinaongoza. Katikati yake pakiwa na nekrosisi ya jibini, kwa macho inafanana na mtindi uliokamuliwa maji, na kwa hadubini ni vumbi la waridi lisilo na hata kivuli cha seli. Pakeni rangi ya Ziehl-Neelsen. Ikitoka hasi, haijafuta TB. Bakteria kwenye tishu huwa wachache na unaweza kutazama nusu saa usimpate hata mmoja. Kwa mgonjwa wa VVU mwenye kinga ya chini sana, granuloma yenyewe huwa hafifu au haipo, na bakteria ndio wamejaa. Umbo zuri la granuloma ni kinga inayofanya kazi, kwa hiyo slaidi "mbaya" huenda ndiyo yenye mzigo mkubwa.

Kichocho ni cha pili kwenye mikoa ya ziwa na pwani. Tafuta yai la mnyoo katikati na eosinofili (chembe nyeupe zenye punje nyekundu) kuzunguka. Mwiba wa ubavuni ni kichocho cha utumbo, mwiba wa mkiani ni cha kibofu. Yai lililokatwa vibaya hufanana na takataka, basi omba slaidi za ngazi ya chini kwenye bloku lile lile kabla hujakata tamaa. Baada ya hapo fangasi, wanaotaka rangi ya PAS au Grocott. Kisha ukoma, ambao hupenda kufuata neva. Kisha uzi wa upasuaji wa zamani, unaong'aa chini ya mwanga wa polaraizi. Sakoidosisi, ugonjwa wa granuloma usiojulikana chanzo chake, huwekwa mwisho kabisa, baada ya zote kuondolewa, ingawa kwenye mitihani wanafunzi huitaja ya kwanza kwa sababu jina lake ni tamu.

Tatizo: punje za kahawia au nyeusi

Sababu ya kawaida ni fomalini iliyogeuka asidi. Kwenye tishu zenye damu nyingi huacha punje za kahawia nyeusi. Kinachokera ni kwamba rangi ya malaria inafanana nazo mno, na zote mbili hung'aa kwenye mwanga wa polaraizi. Angalia zimekaa wapi. Za malaria zimo ndani ya chembe nyekundu au ndani ya makrofaji za ini na bandama. Za fomalini zimelala ovyo juu ya tishu, kwenye kina tofauti na seli, hata ukirekebisha fokasi unaona havipatani.

Punje za dhahabu ni chuma cha damu ya zamani, na rangi ya Perls huzigeuza buluu. Za kahawia hafifu zilizozunguka kiini kwenye moyo wa mzee ni lipofusini, uchakavu wa miaka, Perls haizigusi. Ziandike na uendelee.

Tatizo: majibu ya damu yanasema seli zinakufa, mgonjwa anakula chapati

Potasiamu imepanda, vimeng'enya vya ndani ya seli LDH na AST vimepanda, mgonjwa anakusalimia. Seli zilizoumia zinaweza kuwa ni za kwenye tyubu.

Anza na rangi ya seramu: ikiwa ya pinki au nyekundu, chembe nyekundu zilipasuka, kwa sindano nyembamba, kuvuta kwa nguvu au kutikisa. Ikiwa safi, uliza damu ilikaa wapi. Tyubu iliyolala kwenye friji bila kutenganishwa hupandisha potasiamu hata bila chembe kupasuka. Baridi imezima utengenezaji wa ATP, pampu imesimama, potasiamu imevuja. Ni somo lile lile la maji kwenye ini, limetokea ndani ya kioo. Kisha tazama kalisiamu. Potasiamu juu sana pamoja na kalisiamu chini sana kwa mtu mzima wa afya maana yake mtu alimimina damu kutoka tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) kwenda tyubu nyingine, kwa kuwa EDTA yenyewe imefungwa na potasiamu na inakamata kalisiamu. Ukiyaondoa hayo, ndipo ufikirie figo, misuli iliyopondwa, au uvimbe uliovunjika baada ya dawa za saratani.

Simama hapa: potasiamu ya 6.5 mmol/L au zaidi, fanya kipimo cha umeme wa moyo sasa hivi na mwite daktari wa zamu. Chukua damu ya kurudia, lakini usikae kuisubiri.

Tatizo: mgonjwa anaumwa, lakini hakuna wekundu, joto wala usaha

Celsus, Mrumi wa karne ya 1, aliorodhesha wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kupoteza kazi kwa kiungo kuliongezwa baadaye. Tunakariri zote tano halafu tunaenda wodini kutafuta wekundu kwenye ngozi nyeusi. Hii ndiyo sababu ya kwanza kabisa ya kusema "dalili hazijatimia": wekundu upo, hauonekani. Tumia mgongo wa kiganja chako, linganisha upande wa kulia na wa kushoto. Tazama kama ngozi imetanda na kung'aa, kama ni nyeusi zaidi au ya zambarau kuliko jirani yake.

Sababu ya pili ni dawa. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini, nazo ndizo zinazochangia joto na maumivu. Mgonjwa aliyemeza diklofenaki ya duka la dawa kwa siku 3, au anayetumia prednisoloni, amekuzimia taa. Muulize ametumia nini, na usiishie kwenye "dawa ulizoandikiwa".

Ya tatu ni jipu baridi la TB, limejaa lakini ngozi yake haina joto. Usilipasue kama jipu la kawaida, uliza kwanza. Ya nne ni kukosa neutrofili. Usaha ni neutrofili zilizokufa, asiye nazo hatoi usaha, hata bakteria wawe wamejaa.

Simama hapa, mara mbili. Homa ya nyuzi 38 kwa mtu ambaye neutrofili zake ziko chini ya 0.5 × 10⁹ kwa lita: antibayotiki ya mshipani ndani ya saa moja, bila kusubiri kuotesha bakteria. Na maumivu makali kuliko yanavyoonekana, ngozi imekufa ganzi juu yake au inachakarika ukibonyeza: chora mpaka wa eneo kwa kalamu, andika saa pembeni yake, na mpigie daktari wa upasuaji ukiwa bado umesimama kitandani hapo.